Tumbo Lililobaki Baada ya Mtoto Kuondoka

Waheshimiwa wasomaji wa ukurasa huu, ninawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mke wa ndoa, mshonaji wa nguo huku Bel-Air, Lubumbashi. Shule niliiacha mapema, lakini Kiswahili cha vitabu nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo ninaomba maneno yangu yasomwe kwa utulivu, na jina langu lifichwe.

Miezi kumi na minne iliyopita nilijifungua mtoto wa kike. Aliishi siku tisa. Katika ukoo wa mume wangu, mzazi hufungwa tumbo kwa kitenge kila asubuhi, na mama mkwe ndiye afungaye. Mama mkwe wangu alitoka Kasungami, pembeni mwa mji, kuja kunifunga. Siku tuliporudi kutoka makaburini alikifungua kile kitenge, akakikunja, akakitia katika mfuko wake. Hufungwa mwenye mtoto tu.

Tumbo halikurudi. Lilibaki limejitokeza kama la mimba ya miezi mitano. Nilijibana kwa mkanda hadi nikakosa pumzi. Nilijiunga na vijana wa kwaya katika mazoezi yao ya kulala chali na kuinua kifua, na kila nilipoinuka, katikati ya tumbo palisimama tuta, mfano wa paa la nyumba. Kisha mgongo ukaanza kuniuma mbele ya cherehani.

Muuguzi mmoja akanielekeza kwa mama wa kine, yaani mtaalamu anayetibu misuli kwa mikono na mazoezi. Alinilaza, akaniambia niinue kichwa kidogo, akashusha vidole juu ya kitovu. Vilizama vyote vinne.

"Vidole ine," alisema. "Misuli iliachana, mama. Hii hapana mafuta, na hatutakupasua. Ile mazoezi ya kwaya, acha kabisa. Na mukanda inashikilia tu, haijengi kitu."

Akanifundisha kutoa pumzi polepole huku nikivuta kitovu ndani. Kutelezesha kisigino kimoja mkekani huku kiuno kimetulia. Kugeukia ubavu kabla ya kuinuka. Kutoa pumzi ninaponyanyua ndoo. Alisema itachukua miezi, na pengine nafasi ile isifunge yote, lakini nguvu zitarudi.

Sasa ninaungama. Wiki ile ile, mama muuza nyanya sokoni alinitazama akatabasamu.

"Mama, iko mwezi ya ngapi?"

Mwaka mzima watu walikuwa wakiniuliza hivyo, nami nilijibu, "Hapana, mtoto alifariki," kisha nikawatazama wakitafuta mahali pa kuficha macho. Siku ile nilichoka. Nilijibu, "Ya tano."

"Ee Mungu, aksanti! Ikala, mama, ikala hapa." Alinipisha kiti chake, akaongeza nyanya moja kubwa. "Hii si yako. Ya mutoto."

Niliila njiani, huku machozi yakinitoka. Toka sokoni hadi mlango wangu, nilikuwa na mtoto.

Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza mimi ni mke wa nani, nami, kwa adabu niliyojifunza, nikautaja ukoo wa mume wangu. Sikujua kwamba nyanya zile hulimwa Kasungami, na kwamba yeye ni jirani wa mama mkwe wangu.

Jumatatu mama mkwe alifika na kuku hai chini ya kwapa. Alipiga magoti mlangoni pangu, yeye mkubwa, mbele yangu mimi mdogo.

"Mwana yangu, unisamehe. Ule mutoto wa kwanza, ni miye nilisema homa itapita, tusikimbie hospitali. Tangu ile siku hapana lala muzuri. Leo Mungu ameturudishia."

Nilimwinua tu, nikampokea kuku. Kutoka mfukoni mwake alitoa kitenge kile kile.

Tangu hapo anapika, anateka maji, na mkeka amenikataza. Alinikuta ninatelezesha kisigino akapiga makofi. "Weye! Muntu ya mimba analala chini vile? Unataka kumukanda mutoto kama bukari?" Akacheka mwenyewe kwa mfano wake wa ugali. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Niligeukia ubavu, kama nilivyofundishwa, nikainuka.

Mume wangu ni dereva wa lori. Wakati huo alikuwa katika foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Alipiga simu. "Chérie, mama anasema kweli?" Nilimjibu, "Rudi kwanza, tutaongea." Nikamsikia akilia. "Sawa, sawa. Usibebe kitu ya buzito." Tumbo langu amelizoea kwa miezi kumi na minne, lisingeweza kumpa jawabu. Anarudi Jumamosi.

Mazoezi ninayafanya kwa siri, nimeketi kwenye cherehani: ninatoa pumzi, ninavuta kitovu, mama mkwe anadhani ninashona. Mara ya mwisho mama wa kine alipima vidole viwili na nusu. Alifurahi. Nilifika nyumbani nikalia, kwa maana nafasi ile kati ya misuli ndiyo mahali pa mwisho duniani ambapo binti yangu bado alikuwa na makao.

Ninajua kwamba sharti niseme. Nikimwambia mama mkwe, atamzika mjukuu yule yule mara ya pili, na safari hii mkono utakaomzika ni wangu. Nikinyamaza, miezi itasema yenyewe, tena bila huruma. Je, nianze kwa mume wangu, kwa simu, angali njiani peke yake? Au nimpigie magoti mama, kama alivyonipigia mimi? Nishaurini, ndugu zangu. Maneno mengi nimejifunza bila mwalimu, lakini neno la kwanza la jambo hili silipati.

Kitenge kiko juu ya kiti cha chumbani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Mama mkwe ananisubiri nijifungue, ili anifunge vizuri.