Wakwe wa Baba Kwenye Mstari wa Chanjo

Ilianza jana, Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, hapa Machochwe.

Baba ni mchanjaji wa serikali. Jana alikuwa anachanja watu ndui nje ya ofisi ya kijiji, na mimi, niko likizo ya kidato cha pili, namwandikia majina. Mambo yakaenda vizuri mpaka akafika bibi, mama yake mama. Baba akaweka sindano chini, akageukia ukutani. Bibi naye akajifunika kanga uso mzima.

"Kuna nini?" akauliza msimamizi wa baba, mgeni wa mkoa mwingine aliyekuja na Landrova.

"Huyu ni mkwe wangu, ndugu. Siwezi kumshika mkono."

"Kazi ya serikali haina mkwe! Chanja, au nikabidhi sanduku la dawa sasa hivi."

Sanduku likiondoka, kazi ya baba nayo imeondoka. Nikaona shingo yake inatoka jasho.

"Chukua tu, ndugu. Hilo siliwezi."

Msimamizi akashusha pumzi. "Basi huyu mmoja nitamchanja mimi."

"Mmoja?" bibi akacheka ndani ya kanga. "Na hawa nyuma yangu?"

Kwetu wanawake wote wa ukoo wa mama, wa rika la bibi, ni wakwe wa baba. Zamani walikaa mbali mbali. Kijiji cha ujamaa kimewaleta wote pamoja.

"We ndugu, ulioa mke au ulioa kata?" msimamizi akamwuliza baba. Watu wakaangua kicheko. Hata baba mabega yalimtikisika, bado anatazama ukuta. "Mimi mchana natakiwa Mugumu!" msimamizi akaongeza.

Mimi darasani sinyooshi kidole hata nikijua jibu. Jana nikajisikia nasema, "Mimi naweza, namwona baba kila siku. Unachovya sindano kwenye dawa, unadonoa mkono mara kumi na tano."

Msimamizi akanitazama, kisha akakunja shati lake mwenyewe. "Haya, nionyeshe."

Nikamdonoa. Hakukunja uso! Akaandika kwenye daftari: wakwe wa mchanjaji wachanjwe na binti yake, mchanjaji asimamie.

Baba akasimamia akiwa amewapa mgongo. "Usikandamize," akawa ananiambia, bila kuona kitu.

"Mwambie baba yako," bibi akasema, "mkono wako mwepesi kuliko ulimi wa bwana mkubwa."

Leo asubuhi nimeamka kabla ya mama, nikachemsha sindano, nikaenda upande wa pili wa kijiji kwa wakwe waliobaki, baba akinifuata kwa mbali na sanduku lake kichwani.