Nguzo Nne za Msufi

Niulizeni jambo lolote la miti nitawajibu. Niulizeni mie mwenyewe nna mti gani, hapo ntanyamaza. Umri wangu wote mikono yangu imekaa katika udongo wa mtu mwingine. Nshachoka, wala sioni haya kusema.

Shamba lilikuwa upande wa Mwera, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Bwana alikuwa Mwarabu mwenye mikarafuu mingi, lakini mikarafuu haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa uwanja wa nyumba yake: ua wa mhina mbele, myasmini ya barazani, mlangilangi wa nyuma, na miti ya njia ya kuingilia. Kabla yangu kazi ile ilikuwa ya mama yangu, na yeye ndiye aliyenifunza. Sote wawili tulikuwa watumwa wa Bwana.

Mama alinifunza kwa makofi na kwa maneno. Mche usitiwe ardhini jua la adhuhuri. Shimo lichimbwe leo, lipandwe kesho, udongo upate kupumua. Mhina usiuonee huruma, kila ukiukata ndipo unaposongamana. Mlangilangi uuinamishe ungali mchanga, watu wapate kuchuma maua bila ya ngazi. Na katika yote, jambo alilolishika kama sala: ukikata tawi la kupanda, chini ulikate mshazari na juu ulikate sawa, ili usisahau kichwa ni kipi na miguu ni ipi. "Mti ukiupanda kichwa chini umeudhulumu," alikuwa akisema. Nami kila nilipokata, kisu kilikwenda mshazari chenyewe.

Bwana alikuwa mtu wa kuona kitu kwa watu akakitaka. Siku moja alirudi kutoka mjini ameona mivinje kwenye nyumba ya mkubwa mmoja, basi hakulala mpaka naye awe na mivinje, na aipande wapi? Pembeni mwa mawaridi ya Bibi, mkewe! Nikamwambia, "Bwana, mvinje hauna jirani. Utakunywa maji yote, na majani yake yakianguka chini hapaoti kitu." Akanambia, "Kwani nimekuuliza?" Nikapanda. Nikaichotea maji kisimani kiangazi kizima, mtungi kichwani, kata kwa kata, nikaivika makuti isiungue. Ikashika. Mwaka wa pili mawaridi yakafa, na aliyegombezwa ni nani? Mie. Lo! Mkubwa hakosi.

Kisha serikali ikatangaza kuwa mtumwa akitaka uhuru aende akaandikiwe. Nilikwenda, nikapewa karatasi yangu na ya mama. Tulirudi shambani jioni ile ile, kwa sababu hatukuwa na pa kwenda pengine. Bwana alituruhusu kubaki katika kibanda chetu, ukingoni mwa shamba, na kazi ya uwanja niendelee nayo. Tukaruhusiwa kulima muhogo na viazi. Lakini aliweka sharti, na wenye mashamba wote walikuwa na sharti hilo hilo: "Pandeni cha kung'oa. Cha kukaa msipande."

Asiyejua ataona ni neno dogo. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, kwani mti ni wa aliyeupanda. Na mwenye mti huna njia nyepesi ya kumwambia ondoka. Muhogo ukishachimbwa hapana ushahidi kuwa ulikuwapo. Mti hausemi uwongo.

Kibanda chetu kilikuwa uwandani, hakina hata kichaka. Mama macho yalikuwa yamekwisha ingia ukungu, miguu imevimba, kazi haiwezi tena. Kutwa alikuwa akihama na mkeka wake kulizunguka banda, akifuata kivuli cha upenu. Alasiri kivuli hicho kilikuwa hakimtoshi, jua linampiga mpaka miguuni. Siku moja nilirudi uwanjani nikamkuta amejifunika kanga usoni, jasho linamtiririka. Akanambia, "Mwanangu, umewapandia watu vivuli kutoka barazani mpaka barabarani. Mie unaniacha nnaungua." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa afadhali.

Nilikwenda kwa Bwana. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana," akaitikia, "Marahaba." Nikamwomba nipande mkungu mmoja, mmoja tu, nauchagua mkungu kwa sababu matawi yake hutandaza upesi na jani lake ni pana. Nikamwambia si wangu, uandikwe wake, mama akae chini yake basi.

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Akasema, "Leo mama anataka kivuli, kesho wewe unataka haki. Mti ni hati, binti. Nikikuachia wewe nitawaachia wote." Akanipa tende nimpelekee mgonjwa.

Basi nikaona nijenge kipenu. Nguzo nne na makuti juu, hapo hapana mti, hapana hati. Wiki ile Bibi alikuwa ameamrisha msufi wa kisimani upunguzwe matawi, anasema misufi inakaliwa na mashetani. Nilikuwa nimeukata siku mbili mfululizo, mabega yananiwaka. Nikachukua matawi manne yaliyonyooka, manene kama mkono, nikayaburura mpaka kwetu.

Sasa nitasema kosa langu. Kila mtu wa shamba anajua kuwa msufi haufi. Ukiuchomeka ardhini utaota, hata kama umekaa juani wiki. Kwa hiyo ukitaka nguzo ya msufi, unaisimamisha kichwa chini, na hapo inakauka. Nilijua. Watoto wa miaka saba wanajua. Lakini nilikuwa nimechoka, jua linazama, mama ananiita ndani, na mikono ikafanya ile kazi iliyoizoea. Ikapapasa mkato wa mshazari, ikauelekeza chini. Mara nne! Nikashindilia udongo kwa kisigino namna ninavyoshindilia mche, nikafunga makuti, nikaenda kulala.

Masika ikaingia. Kule uwanjani kazi ilikuwa imenizidi, natoka alfajiri narudi magharibi, kipenu sikukitazama hata mara moja. Mama alikuwa anakaa chini yake kutwa, na jinsi alivyokuwa mchangamfu! Anakula, ananitania kuwa nimekonda kama ufito. Nikasema alhamdulillahi, kumbe alichokosa ni kivuli tu.

Aliyeona ni nokoa, msimamizi wa wafanya kazi. Alipita asubuhi moja, akasimama, akapiga kofi pajani. "Ebo! Wewe umepanda misufi minne mlangoni mwako!" Nikatoka mbio. Nguzo zote nne zimechipua, machipukizi marefu yameyapita makuti, majani yake mfano wa vidole yanapepea.

Bwana alikuja mwenyewe, na fimbo yake. Alizizunguka zile nguzo, akaigusa moja, haikutikisika. Akanigeukia.

"Wewe," akasema, "wewe uliyenipandia shamba zima, utanambia hukujua?"

"Nilijua, Bwana. Nilisahau. Nilichoka."

"Alaa! Umechoka mara nne?"

Hata mie mwenyewe nisingejisadiki. Akasema nina mambo mawili: niing'oe leo kwa mkono wangu, au nimchukue mama yangu tuondoke. Kumchukua mama kwenda wapi? Sasa hata kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka wake alikuwa anashikwa mkono.

Niling'oa. Nokoa alisimama akitazama. Nguzo ya kwanza ilinitoa jasho, mizizi ilikuwa imeshika kuliko nilivyodhani, miwili mitatu mirefu kama dhiraa. Ajabu, pembeni ya mama ndipo miti ilipokuwa mikubwa zaidi, na udongo wake mbichi, mweusi. Nikashangaa nani aliyeitilia maji siku ambazo mvua haikunyesha.

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, juani, amegeuza uso kuelekea kwenye sauti ya jembe. "Polepole," akasema, "huo ni mdogo wao, wa kushoto."

"Mama, ulijua?"

"Nilipapasa jicho la kwanza la chipukizi siku ya nane. Nikasema, mwanangu hatimaye amenipandia. Nikawa natawadhia hapo, sala tano, maji yote yanakwenda kwao." Akaupapasa mkeka. "Nilidhani umekusudia."

Niliketi chini nikalia mbele ya nokoa, nikalia kwa sauti kama mtoto. Tangu siku ile mpaka leo nnatamani ningekuwa nimekusudia.

Miti tuliichoma. Nikajenga kipenu kingine kwa boriti za mkoko, kavu, mfu. Kivuli kilikuwa kile kile lakini mama hakutania tena. Akawa anakula kidogo kidogo, na kabla ya vuli alikufa. Bwana alitoa sanda, akaruhusu azikwe pale pale ukingoni mwa shamba, nyuma ya banda. Wanaume walizika. Mie nilikaa ndani na wanawake mpaka khitma ikaisha.

Kwetu kaburi huchomekwa kijiti kibichi upande wa kichwani. Kikikauka kimekauka. Kikishika hapana anayekigusa, si jirani, si mwenye shamba. Mti wa kaburi haung'olewi. Hili nalo kila mtu analijua.

Nilikwenda kwenye msufi wa kisimani nikakata tawi. Safari hii sikuwa na haraka. Chini nilikata mshazari, juu nikakata sawa. Nilichimba shimo, nikaliacha likapumua siku moja, kesho yake baada ya jua kupoa nikapanda, nikashindilia kwa mkono.

Nilikuwa bado nimepiga magoti Bwana alipopita. Akasimama, akakitazama kile kijiti, kisha akanitazama mie. Nokoa alikuwa nyuma yake, akataka kusema, Bwana akamwinulia mkono.

"Msufi," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Umeuelekeza vipi?"

"Kama alivyonifunza."

Fimbo yake ikachora mchangani. Kisha akamwombea mama rehema, akaenda zake, na nokoa akamfuata.

Adhana ya magharibi ikalia. Nikateka maji, nikatawadha pale pale.