Betri ya Mke Wangu Ilivyofika Mwezini

Mke wangu alinipa jioni tatu tu. Betri ya gari tuliyokuwa nayo, iliyojazwa kwa paneli ya jua, ndiyo iliyochaji simu za mtaa wetu hapa Nachingwea, na hiyo ilikuwa kazi yake, si yangu. Mimi, mwalimu wa fizikia mwenye leseni ya redio na ubishi wa Ruangwa nilikozaliwa, niliitaka nirushe ishara mpaka mwezini, igonge huko, irudi isikike Ulaya. Akasema mwezi usipojibu jioni ya tatu, antena itashuka na betri sitaigusa tena. Nilikubali kwa shingo upande.

Antena niliifunga kwenye mwanzi kutoka Kiegei, nikawa naigeuza kwa mkono kuufuata mwezi. Kompyuta kuukuu ilituma milio dakika moja, ikasikiliza dakika iliyofuata, kwa zamu na bwana mmoja wa Ulaya tuliyepatana naye kwa barua pepe. Ishara inayorudi ni hafifu mno. Sikio haliambulii kitu, kompyuta ndiyo huichambua ikaandika herufi. Sharti saa za pande zote mbili ziende sawa, hata sekunde chache huharibu.

Jioni ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nilimlaumu yule Mzungu, nikaulaumu na mwanzi.

Jioni ya tatu mke wangu alikaa mlangoni na redio yake ndogo. Akauliza saa ya kompyuta niliirekebisha kwa kutumia nini. Nikamwambia kwa mlio wa taarifa ya habari, kwenye televisheni ya jirani mwenye ungo, kama ufanyavyo mtaa mzima.

"Basi umechelewa, mwalimu," akasema. "Redio yangu hupiga kwanza, televisheni ya jirani hufuata. Kila siku nasikia."

Niliona aibu. Sauti ya televisheni ile hupitia setilaiti kabla ya kutufikia, na mambo hayo nayafundisha darasani! Tukangoja mlio wa saa mbili kwenye redio yake, ulipolia, nikabonyeza kuweka saa ya kompyuta.

Baada ya zamu chache herufi za jibu la yule bwana zikajitokeza kwenye kioo, na jina letu la redio likiwa ndani yake. Mke wangu akaziwekea kidole, akauliza kama ndio sisi. Nikamwambia ndio sisi, na machozi yakanitoka, sifichi.

Asubuhi wateja walikuta betri haina kitu. Nilijibanza ndani nikisubiri lawama, nikamsikia akiwajibu taratibu, kwa maringo kabisa:

"Rudini mchana. Jana ilikwenda mwezini, imechoka."