Basi Lililongoja

Dalmas alikuja mtaani kwetu Kawangware mwaka wa sabini na nne. Kwao, karibu na ziwa, alikuwa akivusha watu mtoni kwa feri ya kamba. Mzee Gachanja, mwenye ploti tuliyopanga, alikuwa na basi kuukuu la kwenda mjini, akamchukua Dalmas kuwa kondakta, kwa kumjaribu tu.

Mimi nilikuwa nikifagia ofisi mjini, na nasema wazi, siku za mwanzo yule mtu alinikera. Basi likiwa tayari kuondoka pale kituo cha 56, yeye husimama mlangoni akitazama njiani. Akimwona mtu anakimbia, hata awe mbali kule kona ya mtaa tunayoiita Kongo, hagongi bati la basi. Na bati lisipogongwa, dereva Kitheka haondoi gari.

"Dalmas, hii ni basi, si feri!" Kitheka alifoka.

"Kwa feri ukiacha mtu, analala ng'ambo. Hapa ukimwacha, anafutwa kazi. Sasa tofauti ni gani?"

Tulimcheka. Eti feri ni bora: haipati pancha, haikwami kwa foleni, na abiria wanaongea badala ya kununa. "Basi tuletee hiyo feri yako," nilimwambia. Mto wetu wenyewe mbuzi anauruka! Hata kukaa alitupanga, wanene huku na huku, ati chombo kisilale upande.

Mvua za Aprili zilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia, viatu mkononi, matope hadi magotini, na mabasi mengine yananipita hivi hivi. La Gachanja lilikuwa limesimama. Nilipopanda, nilitaka kulia. Tangu siku hiyo sikupanda lingine.

Gachanja hakufurahia hayo ya kungoja. Alisema Jumatatu atapanda mwenyewe, na basi likingoja hata mtu mmoja, Dalmas arudi kwao.

Jumatatu ikafika. Gachanja alikaa mbele, lakini Dalmas hakuwepo. Jirani yake Sella alituambia kwamba Aoko, mkewe, ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri.

"Basi amejifuta kazi mwenyewe," Gachanja akasema. "Kitheka, twende."

Nikasimama. Nilijua huyu ndiye mwenye nyumba yangu. "Mzee, tunangoja kondakta wetu."

"Kama ni kuchelewa, tuchelewe wote," akasema Shivachi, fundi wa viatu. Hakuna aliyeshuka. Kitheka akazima injini, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mara Dalmas akatokea mbio, vifungo vya shati vimepishana. "Ni msichana!" Tukapiga vigelegele. Kisha akamwona Gachanja. Akapanda, akainua mkono kugonga bati, na kwa mazoea akatazama nyuma. Mkono ukabaki juu. Mama mmoja alikuwa akija mbio, kikapu kichwani.

Gachanja naye aligeuka, akamwona yule mama, kisha akatutazama sisi tuliojaza viti vyake vyote.

"Kitheka," akasema, "ngoja."