Grafu ya Ukurasa wa Sita

Namalwa alihitaji mtu mmoja tu asiyejua kitu. Kwa miezi minane, peke yake katika chumba chake mtaani Jamhuri, alikuwa ameandika mwongozo wa Kiswahili wa programu ya bure ya kuchora grafu za kisayansi. Wenzake katika kazi hiyo walikuwa majina kwenye skrini, wengi wakiamka yeye anapolala. Kabla ya kuupokea mwongozo walitaka jambo moja: mtu asiyewahi kuigusa programu aufuate mwanzo hadi mwisho, mwandishi akikaa kando bila kutamka neno. Wasipopata ripoti kufikia Ijumaa, wangeuacha.

Alipekua namba za simu. Aliosoma nao fizikia walijua mno. Majirani hakuwajua hata majina. Jumanne asubuhi akabeba kompyuta hadi Kenyatta Market, kwa Selpher, anayemsuka nywele kila baada ya miezi miwili.

"Na nikichora vibaya?" Selpher aliuliza, akijifuta mafuta ya nywele mikononi.

"Kosa ni langu. Lakini sitakujibu chochote mpaka umalize."

"Haiya! Kwani tuko mtihani?"

Alisoma kwa sauti, kidole kwenye karatasi. Hatua ya nne ikamkwamisha. "'Fungua faili uliyohifadhi.' Nilihifadhi wapi sasa? Wewe, iko wapi hii kitu?"

Namalwa aliuma meno, akaandika daftarini: hatua ya nne, sikusema wapi. Selpher akahangaika, akaipata mwenyewe, akaikaripia kama mtoto mtoro.

Ukurasa wa sita ulikuwa na namba za kuingiza, Jumatatu hadi Jumapili: sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Namalwa alipokosa mfano, katika mwezi wa nne wa kuandika, aliweka idadi ya watu aliozungumza nao kila siku wiki ile. Aliamini wanaoanza hunakili namba, hawazisomi.

Selpher alizisoma. "Mazungumzo kwa siku. Huyu mtu ni mgonjwa ama ako jela?"

Kanuni ni kanuni. Namalwa alitazama sakafu.

Selpher alimgeukia, akamwangalia. Akafuta sifuri ya Jumanne, akaandika moja. "Sasa chora," akaiambia kompyuta.

Jioni Namalwa alijaza ripoti. Swali la mwisho liliuliza kama grafu ya msomaji ilifanana na ya mwongozo. Isipofanana, jaribio limeshindwa. Alikaa nalo mpaka chai ikapoa, kisha akaandika: Hapana. Msomaji alisahihisha namba.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa alasiri jibu likaja: Anayebadilisha namba mwenyewe ameelewa. Tumeupokea. Weka grafu yake.

Akaibandika grafu ya Selpher kwenye ukurasa wa sita, Jumanne ikiwa imeinuka kidogo. "Tumeupokea," akasoma kwa sauti, na chumba kikamsikiliza.

Mazungumzo hayo hakuyahesabu.