Niliuziba Mlango wa Uani, Sasa Baba Haiamini Akili Yake

Admin, nifichie jina, maana ukoo wetu unajulikana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Jang'ombe na baba yangu, ambaye presha ya macho imempofua kabisa. Kazi yangu ni kuchora majengo kwa kompyuta. Nshachoka, ndugu zangu, na nyumbani sina wa kumwambia.

Baba alikulia Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo leo ni kifusi. Mapinduzi yalimkuta mdogo sana, na walihama miaka ya sabini mwanzoni. Mwaka jana akaniambia, "Mwanangu, nyumba za watu wote unachora. Nichoree na yetu, niishike." Nikakubali. Ofisini tuna mashine inayochapa vitu kwa plastiki, nikajua nitamtolea kijumba cha kumtosha mikononi.

Sehemu ya mbele alinieleza yeye. Ya uani nilimuuliza shangazi yangu wa Mwanakwerekwe, dada yake mkubwa. Nikachora jioni baada ya kazi, macho yananiuma.

Sasa mashine ile haisomi mchoro kama tunavyouchora. Lazima kwanza sura yote ya nje ya jengo igeuzwe wavu wa pembetatu ndogondogo zilizoshikana kingo kwa kingo, ndipo uutoe kama faili. Zikiachana hata mahali pamoja, inahesabika ina tundu, haichapiki. Kila nikiutoa wavu, programu inanionesha tundu palepale, ukuta wa nyuma. Nikadhani nimekosea, nikarudia na kurudia. Mwisho nikagundua kuwa shangazi alinipa ukuta wa jiko, akanipa na ukuta wa ghala, lakini kipande cha katikati hakukitaja.

Nikamfuata. "Shangazi, baina ya jiko na ghala palikuwa na nini?"

"Mlango," akasema. "Na baba yako usimwambie."

Baba ameambiwa maisha yake yote kwamba mama yao alikufa kwa homa, wakati yeye ana miaka kumi. Kila Idi nampeleka kaburini akamsomee. Kumbe bibi hakufa. Miaka ile kusafiri kulitaka ruhusa na watu waliondoka kwa siri. Bibi alitoka kwa mlango ule alfajiri, akavuka kwenda Mombasa, akisema atatuma watu waje kuwachukua wanawe. Hakutuma mtu. Aliolewa huko, akazaa.

"Mie ndiye niliyemfungulia komeo," shangazi akasema. "Baba yetu akatuapisha tuseme kafa. Kaburi lile ni la mama yetu mdogo."

"Na bibi yuko wapi sasa?"

"Kafa kweli. Mwaka ule baba yako alipoanza kutoona."

Maana yake baba angeweza kumuona mama yake kwa macho yake mwenyewe.

Shangazi aliniomba kwa machozi nisiuchore mlango ule, ana presha, ana umri. Nikaziba pale kwa ukuta mtupu. Wavu ukafunga, faili likatoka safi, mashine ikachapa bila tatizo.

Baba alikipokea kile kijumba kama mtoto mchanga. Akapapasa baraza, ngazi, madirisha, huku anatabasamu. Alipofika nyuma, vidole vikasimama.

"Hapa mbona ukuta?"

"Ndivyo alivyonieleza shangazi."

"Palikuwa na mlango, mwanangu. Asubuhi aliyokufa mama nililisikia komeo." Akapapasa tena, akakiweka chini. "Basi labda sikusikia kitu. Naona akili nayo inafuata macho."

Tangu siku hiyo ananiuliza mambo anayoyajua, kama jina la mama yangu, au kama ameshaswali. Hapotewi na kumbukumbu. Ameacha tu kujiamini, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Shangazi naye kanambia nikifungua mdomo nijue nimemuua.

Idi inakaribia na baba ameshauliza tutakwenda kaburini saa ngapi. Nyinyi mlio na wazazi watu wazima, niambieni: nimwambie baba kwamba alisikia sawasawa, na mama yake alimwacha? Au ninyamaze, azidi kujiona amerukwa na akili? Ningefurahi kupata hata jibu moja la mtu aliyewahi kupitia haya.