Mama Alidhani Nafanya Kazi

Mama alipopata kiharusi, mimi na dada yangu tuligawana siku. Dada alikaa naye Kisarawe, nyumbani kwetu, tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi nilitoka Kibaha kila Ijumaa baada ya kazi, nikakaa naye mpaka Jumapili jioni. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea: mkono haushiki kitu, mguu anauburuta. Akitaka kusimama, lazima mtu amshike kiunoni.

Nilimpikia uji, nilimkanda mguu, nilimfulia kanga zake. Lakini nilikuwa na jambo langu ambalo naona haya kulitaja, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari. Nilikuwa natazama video za watu wanaocheza gemu.

Sichezi. Natazama tu. Kuna filamu niliyoiona ujanani kwenye kibanda cha video, jamaa akitutafsiria kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Watu wamekwama kwenye sayari ya barafu, mitambo imezimika, nao wanatafuta njia ya kurudi duniani. Ukubwani nikagundua kwamba filamu ile ilitengenezewa magemu matatu, na kwamba yuko mtu mtandaoni anayeyacheza yote mwanzo hadi mwisho, taratibu, bila makelele. Kila video saa nzima. Nikanogewa.

Jumamosi ya kwanza mama aliniona nimeinamia simu, spika masikioni. Akauliza, "Unafanya nini, baba?"

"Kazi za ofisini, mama."

Lilinitoka tu. Angeniacha na uongo wangu pale pale ningeusahau, lakini yeye aliubeba kwa fahari. Majirani wakija kumjulia hali aliwaambia, "Semeni taratibu. Mwanangu huyu hata Jumamosi hawamwachi." Nao wakashusha sauti. Bibi mmoja jirani aliniombea dua Mungu anipe wepesi wa kazi. Niliitikia amina.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Mama alikuwa amejilaza chumbani kwake, mimi niko sebuleni. Yule mchezaji alikuwa amefika kwenye lango la mwisho la gemu la tatu, na wiki nzima nilikuwa naisubiri sehemu hiyo. Nikaziba masikio yote mawili.

Nilipozivua spika ili nikanywe maji, nikasikia kitu kama kucha zinakwaruza mlango.

Mama alikuwa sakafuni chumbani kwake, akiukwaruza mlango kwa kucha za mguu wake mzima. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa chini yake. Kanga imelowa.

"Mama! Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita mara moja," alisema. "Halafu nikakumbuka una kazi."

Hospitalini walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika, wakamfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Dada alifika anahema. Hata salamu hakunipa. "Ulikuwa wapi wewe mpaka mama anaanguka?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akadakia kutoka kitandani: "Alikuwa jikoni ananipikia. Ni ukaidi wangu mwenyewe, nilitaka kwenda msalani bila kushikwa."

Dada akageuka kumgombeza yeye.

Niliomba likizo, nikahamia Kisarawe. Mama sasa hakuwa na mkono hata mmoja wa kutumia. Nilimlisha kwa kijiko, nilimnawisha uso, nilimkuna pua akiwashwa. Mambo ya ndani, kama kumwogesha, alifanya dada, ambaye sasa alilala kwake na kuja kila jioni. Kila mama aliposema "Mungu akubariki, baba," nilitamani anitukane.

Asubuhi moja nikashindwa. Kijiko kiko mkononi, nikamwambia, "Mama, siku ile sikuwa nafanya kazi. Siku zote zile sikuwa nafanya kazi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Niliona ni rahisi kumwonyesha kuliko kumweleza. Nikaiwasha video, nikamshikia simu mbele ya uso. Akaitazama kwa makini.

"Huyu anayekimbia kwenye barafu ni wewe unamwendesha?"

"Hapana. Mtu mwingine, yuko nje huko."

"Na wewe?"

"Mimi namtazama anavyomwendesha."

Akageuzia uso ukutani. Nikadhani analia, nikaweka simu chini. Hakuwa analia.

"Mimi nilijua siyo kazi," alisema. "Mtu hafanyi kazi huku anatabasamu. Nilidhani ni mwanamke, nikaona nisikuaibishe. Hilo lingenielea upesi zaidi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini ungeniambia unatazama mchezo, ningekuita kwa sauti kubwa. Ningepiga hata kelele." Kisha akafungua mdomo, maana uji ulikuwa unapoa.

Plasta ilitolewa. Mkono uliunga, ila umepinda kidogo, na hauna nguvu kama zamani. Kanga yake huifunga akisaidiwa na meno. Kutembea anatembea, na mkongojo, polepole. Mimi sijaacha kutazama video zile, nisidanganye hapa tena. Nazitazama nikiwa kwangu Kibaha, na kila mara utamu wake hunikatikia njiani.

Dada hajui mpaka leo. Sikukuu iliyopita tulikula wote pamoja, akamwambia mama mbele ya wajukuu, "Ukaidi wako ndio uliokuvunja mkono." Mama akacheka, akasema kweli kabisa. Wajukuu nao wakacheka. Mimi nikaendelea kuokota wali sahanini, punje moja moja.